Tuliite Daftari

Neno hariri lina ukoo ambao wengi wetu hatuuoni tunapolikuta kwenye menyu. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye herufi ha, ra na ra, na mzizi huohuo ndio uliotupa huria na uhuru. Mwarabu anaposema tahrir, huenda anazungumzia kuhariri kitabu, huenda anazungumzia kuikomboa nchi. Muktadha ndio unaoamua. Sisi tulizipokea maana hizo kwa maneno tofauti, tukasahau kwamba ni ndugu. Anayejenga leo zana ya kuhariri mipangilio ya Linux, kisha akaitoa kama programu huria, anaukutanisha ukoo huo upya.

Zana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Mipangilio ya mfumo wa Linux imekaa katika maandishi matupu, na zana huweka dirisha mbele ya maandishi hayo ili mtu achague kwa kubofya badala ya kukariri tahajia ya kila mstari. Kinachonishughulisha ni kwamba dirisha hilo, ukilitazama vizuri, limejaa majina tu. Kisanduku kisicho na lebo hakimwambii mtu kitu, na menyu ni orodha ya maneno. Kwa hiyo mjenzi wa zana hii ni mtunga istilahi, atake asitake, na sisi tunaoilinda lugha tuna sababu ya kukaa naye mapema.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na heshima yake haijapungua. Lakini wafasiri wale walikuta programu imekwisha kujengwa: vitufe vilikuwapo, wao wakavitafutia majina. Zana inayojengwa upya inatupa nafasi ambayo wao hawakuipata, ya kukitaja kitu kwanza na kukichora baadaye.

Tuanze na mfumo. Hili ni letu kabisa: fuma, mfumo, namna uzi unavyoshikana na uzi. Ubishi uko kwenye kinacholifuata. Wapo wanaosema mfumo wa uendeshaji, wapo wanaosema mfumo endeshi. Mimi niko na endeshi. Uendeshaji ni neno la mashirika na viwanda. Mtu akisikia mfumo wa uendeshaji hufikiria meneja na vikao vyake. Endeshi ni fupi, na limeundwa kwa namna tunayoijua katika bei elekezi na kamati tendaji: linaeleza tabia ya kitu chenyewe. Mfumo huu kazi yake ni kuendesha. Basi.

Dirisha tulipewa na Waajemi, na limetulia kiasi kwamba hakuna anayelishuku ugeni. Kiolesura ni jipya zaidi na bado linawakwaza watu. Mimi hulisoma kwa sikio la pwani ya kaskazini, ambako ola ni kutazama, na sura tunaijua. Nikilisoma hivyo naona mahali ambapo pande mbili zinatazamana usoni, na neno linanipendeza. Linapoharibika ni pale linapoongezewa mkia: kiolesura cha michoro. Zana ya michoro ni zana ya kuchorea. Mtu akiambiwa kuna zana ya michoro ya kuhariri mipangilio, ana haki ya kutafuta penseli ndani yake. Tofauti tunayotaka kuieleza ni kati ya kazi inayofanywa kwa kuandika amri na kazi inayofanywa kwa kubofya madirishani. Tuseme hivyo: kihariri cha madirisha, na mwenzake, kihariri cha maandishi. Bofya pia nalitetea. Kabla ya kompyuta ndilo neno tulilotumia kulijaribu embe kwa vidole kama limeiva, na mkono wa mtu aliyeshika kipanya bado unafanya jambo lilelile, kubonyeza kidogo ili kujua.

Usanidi na mipangilio hutumiwa kama pacha, nami ningependa yatenganishwe. Anayejua Kiarabu akisikia sanidi hukumbuka sanad: tegemeo, na pia hati inayotegemewa. Mipangilio ni ya nyumbani, panga na pangilia. Mtu husanidi, na anachokiacha nyuma yake ni mipangilio. La kwanza ni kazi, la pili ni matokeo. Tukishika mpaka huo, lebo ya dirisha itasema Mipangilio, na sura ya kitabu cha mafundisho itasema Usanidi, wala hakuna atakayechanganyikiwa. Sakinisha likae kando na kazi yake yenyewe. Limetoka kwa sakini, kukaa mahali, ndugu wa maskani. Programu husakinishwa, ikapata maskani katika kompyuta. Baada ya hapo ndipo husanidiwa.

Sasa kitu chenyewe kinachohaririwa. Tumezoea kusema faili la usanidi, na sina matumaini ya kuling'oa faili, wala sitaki. Limeshinda. Lakini tazama linavyofanya kazi katika ofisi zetu. Kwa karani wa masjala, faili ni jalada la karatasi ngumu ambalo ndani yake zimo barua nyingi. Kwenye kompyuta faili ni ile barua yenyewe, na kinachoibeba kinaitwa folda. Karani anayejifunza kompyuta analazimika kwanza kusahau maana anayoijua. Hata kwa waliolianzisha, neno hili lilitokana na uzi, filum ya Kilatini, uzi wa kutungia karatasi nyingi pamoja. Kwa hiyo karani wetu ndiye aliye karibu na asili.

Jalada nalo lilijaribiwa na baadhi ya wafasiri. Kwa Kiarabu jild ni ngozi, na jalada ni ngozi inayofunika kitabu. Polisi na mahakama za Tanzania hulitumia kwa nyaraka zote za shauri moja, jalada la kesi, na wamelitumia vizuri. Faili la usanidi halifuniki kitu. Ni mistari, inayoandikwa, inayofutwa, inayoongezwa, na ambayo huduma husika huisoma na kuitii.

Kitu cha namna hiyo tunacho tangu zamani na kinaitwa daftari. Neno hili nalo ni ngozi, lakini ngozi ya aina nyingine: diphthera ya Wayunani, ngozi iliyotayarishwa ili iandikwe, likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka likatufikia. Jalada ni ngozi ya kufunika, daftari ni ngozi ya kuandikia. Na katika matumizi yetu daftari lina mamlaka. Mwenye duka akiulizwa nani anadaiwa, hafikiri, hufungua daftari. Kilichoandikwa humo ndicho kinachodaiwa. Sshd_config, faili la usanidi la SSH, ile huduma ya kuingia katika kompyuta kutoka mbali, ina hadhi hiyohiyo mbele ya huduma yake. Napendekeza basi: faili libaki jina la jumla, na lile la usanidi tuliite daftari la mipangilio. Mafaili ni mengi ya kila aina, picha, muziki, barua. Madaftari ni yale tu ambayo mfumo unayasoma ili ujue ufanye nini.

Upande wa Windows kuna neno lililo tayari kabisa, nashangaa kwamba halijazoeleka. Windows ilianza na mafaili ya maandishi yenye mkia wa .ini, kisha, hasa kuanzia Windows 95, ikakusanya mipangilio katika hazina moja kubwa. Wapo wanaoiita sajili, ambalo kwetu ni kitenzi kwanza. Lakini sajili lina ndugu aliyekaa ofisini miaka yote, masjala: chumba ambamo kumbukumbu zote hutunzwa, na karani mmoja anajua kila kitu kiko wapi. Hazina ile ni masjala. Kwa maneno hayo mawili, daftari na masjala, unaweza kumweleza mwanafunzi tofauti ya mifumo miwili bila kuchora kitu ubaoni: Linux inatunza madaftari mengi, Windows inatunza masjala moja.

Madaftari ya Linux yamewekwa katika saraka iitwayo /etc. Ni kifupi cha Kilatini, et cetera, na kadhalika, jina lililobaki tangu Unix ya awali ya Bell Labs. Jina la njia haliguswi, maana programu nyingi zinalitegemea. Lakini lebo ya dirishani haina sababu ya kurithi kadhalika hiyo. Iandikwe Madaftari ya mfumo. Saraka yenyewe ni istilahi nzuri kuliko wengi wanavyojua. Ni jina la zamani la droo, ile ambayo wazee waliiita pia mtoto wa meza. Ukivuta saraka unakuta vitu vilivyopangwa, na huenda ukakuta kisanduku kingine ndani yake. Aliyelichagua neno hili kwa ajili ya kompyuta alikuwa na jicho.

Ndani ya daftari kila mstari una sehemu mbili, kinachotajwa na kinachosemwa juu yake. Cha pili tunakiita thamani, sawa. Cha kwanza wengi wanakiita ufunguo, na hapo pana shida. Ufunguo ni wa kufungulia, na mstari huu haufungui kitu. Mbaya zaidi, SSH ina funguo za kweli, za siri na za hadharani, ambazo zinafungua. Mstari wa HostKey katika sshd_config utakuwa ufunguo unaotaja ufunguo, na msomaji atapotea. Wanaleksikografia wetu wana neno la kitu kinachosimama kushoto kikingoja kuelezwa: kidahizo. Kamusi ni vidahizo na maana zake. Daftari la mipangilio ni vidahizo na thamani zake. Neno lipo, linafundishwa vyuoni, na linafaa mahali hapa bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Zana isiyafasiri yaliyomo daftarini. Kidahizo kibaki PermitRootLogin kama huduma inavyokisoma, maana huduma haijui Kiswahili. Dirisha ndilo linalosema nasi, na hapa ndipo kazi ya istilahi inapokuwa ngumu na tamu.

Kidahizo hicho kinaamua kama mtumiaji mwenye mamlaka yote anaweza kuingia kutoka mbali. Mtumiaji huyo anaitwa root, na tafsiri ya haraka ni mzizi. Lakini Kiswahili kinadai upatanisho wa kisarufi, na upatanisho unafichua mambo. Mzizi unaingia, au mzizi anaingia? Wa kwanza ni wa mti. Wa pili unakifanya mtu kitu kisichokuwa mtu. Neno mkuu linamaliza ubishi: mkuu anaingia, mkuu anaruhusiwa, mkuu amekataliwa. Lebo iwe Mkuu aruhusiwe kuingia kutoka mbali?

Majibu ni manne, kwa hiyo kisanduku cha tiki hakitoshi; inatakiwa menyu kunjuzi, jina ambalo nalisifu kwa sababu ya ile kunja na kunjua iliyomo ndani yake. Ndiyo na hapana ni rahisi. La tatu lina historia ambayo kila mtunga istilahi angepaswa kuijua. Kwa miaka mingi thamani hiyo iliandikwa kwa maneno yenye maana ya bila nywila. Waandishi wake walikusudia kwamba mkuu aingie kwa ufunguo, nywila ikikataliwa. Lakini mtu anayesoma bila nywila anaweza kuelewa kwamba mkuu anaingia hivihivi, pasipo kuulizwa chochote, ambayo ni maana ya kinyume na ya hatari. Mwaka 2015, katika toleo 7.0, OpenSSH, programu inayotoa huduma hii, iliongeza jina jipya lenye maana ya kukataza nywila, prohibit-password, ili kuondoa utata huo, na ndilo likawa thamani ya awali, ile inayofuatwa mtu asipoandika kitu.

Mfasiri asiye makini atauleta utata uleule kwetu baada ya wenyewe kuuondoa. Bila ni neno dogo lenye nyuso mbili: aliingia bila ruhusa, aliingia bila viatu. Nywila haitakiwi linateleza vilevile, maana huenda ni haihitajiki na huenda ni imekataliwa. Naandika Kwa ufunguo tu. Linasema kinachoruhusiwa, na neno tu linafunga mlango wa mengine yote. Jibu la nne linamkubali mkuu aje na ufunguo kutekeleza amri moja iliyowekwa kabla, na lebo yake ni Kwa ufunguo na amri maalumu tu. Ni ndefu. Sioni haya kwa urefu wake. Kilichoandikwa hapo kinaamua nani anaitawala kompyuta.

Kuna neno moja ambalo ningependa litoke kabisa katika madirisha yetu: lemaza. Limeenea kama kinyume cha wezesha, unalikuta katika simu na vivinjari. Kulemaza ni kumtia mtu kilema. Tumejitahidi kwa miaka kuwataja watu wenye ulemavu kwa heshima, kisha tunaandika juu ya kitufe kwamba bofya hapa ulemaze. Hata tukiiacha heshima kando, maana yenyewe si sahihi. Huduma iliyozimwa haina kilema. Itawashwa kesho ifanye kazi ileile.

Tena hapa kuna mambo mawili ambayo lemaza linayachanganya. Katika mifumo mingi ya Linux ya leo, inayotumia systemd kusimamia huduma, kuiwasha huduma sasa ni jambo moja, na kuiagiza iwake kila kompyuta inapoanza ni jambo jingine. Huduma yaweza kuwa inaendeshwa sasa lakini isirudi kesho asubuhi. Kwa jambo la kwanza tuna washa na zima, yanatosha. Kwa la pili sarufi yetu ina dhamira tegemezi, chombo kizuri kuliko istilahi yoyote ninayoweza kuibuni: Iwake yenyewe, Isiwake yenyewe. Herufi mbili, si, zinabeba ukanushi wote. Kitenzi kipya hakihitajiki.

Daftari la SSH, kama linavyotolewa na waandishi wake, lina mistari mingi inayoanza na alama ya reli, #. Chochote kilichoandikwa baada ya alama hiyo huduma haikisomi. Istilahi iliyoenea ni maoni. Nani ametoa maoni? Maoni ni ya mtu anayesema alionalo, na gazeti lina ukurasa wake. Kilichoandikwa hapa ni maelezo ya pembeni yanayomwangalisha msomaji, na hilo tuna tanbihi. Asili yake ya Kiarabu ni kuzindua, kutahadharisha, na mistari mingi ya namna hii ni tahadhari kweli: aliyetangulia anakuonya usibadilishe namba ya mlango kabla ya kufungua ukuta wa moto. Niliwahi kulifikiria pia sherehe, kwa maana yake ya vitabuni, ufafanuzi wa maneno magumu mwishoni mwa diwani, lakini ngoma na pilau zimekwisha kuliteka.

Lakini si kila mstari wenye reli ni tanbihi. Katika sshd_config mingi yake ni vidahizo kamili pamoja na thamani zake za awali, vimewekewa reli ili msomaji aone huduma ingefanya nini asipoandika kitu. Mistari hii haielezi. Imenyamazishwa. Kitenzi kinafaa, simu zetu zinakijua, na kinyume chake ni kitenzi ninachokipenda kuliko vyote katika makala haya: semesha. Nyamazisha mstari, semesha mstari. Mtu akiiondoa reli, mstari unaanza kusema na huduma.

Hapo ndipo chaguo-msingi linapoonyesha udhaifu wake. Linatumika kila mahali kwa thamani inayofanya kazi kabla mtu hajagusa kitu, na sehemu ya pili haina ubaya, msingi ni msingi. Lakini chaguo? Hakuna aliyechagua. Thamani hiyo ipo kwa sababu hakuna aliyechagua. Thamani ya awali inasema kweli zaidi, na inamwacha mtumiaji na haki ya kuitwa mchaguzi pale atakapochagua kweli. Wenzangu kadhaa wanaona nimechelewa, kwamba chaguo-msingi limekwisha kuota. Huenda. Katika zana mpya, ambayo haijazoeza mtu chochote, sioni kwa nini tuanze na neno linalokosea.

Uhandisi wenyewe unagusa tanbihi mahali pa hatari. Zana mbaya husoma daftari, hukusanya thamani, kisha huandika daftari upya kutoka mwanzo. Tanbihi zote zinapotea, na mpangilio wa mistari unavurugika. Augeas, programu iliyoanzishwa na David Lutterkort alipokuwa Red Hat, ilichukua njia nyingine. Hulionyesha daftari kama mti wenye matawi, na mti ukibadilishwa hurudisha badiliko hilohilo tu kwenye maandishi, mengine yakibaki kama yalivyoandikwa, tanbihi na nafasi tupu pia. Kanuni za kutafsiri kwenda na kurudi huziita lenzi, wazo lililotoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Lenzi tunayo tayari kutoka kwa kamera na miwani, na inakaa vizuri, maana nayo hupitisha nuru pande zote mbili. Hapa sibadili kitu.

Kiswahili kina hazina nyingine kwa kazi hii, kiambishi cha kutengua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Fuma, fumua. Aliyeunda tendua kutoka tenda alifuata sheria hii ya ndani ya lugha, na matokeo yake ni istilahi ambayo mtoto anaielewa mara ya kwanza kuisikia. Tuendelee palepale. Panga ina pangua, nayo haina uvivu. Kila Rais anapobadilisha mawaziri magazeti huandika kwamba amepangua baraza. Kitufe cha kuondoa mipangilio yote ya mtumiaji na kuacha thamani za awali kiitwe Pangua yote. Tendua huondoa hatua moja. Pangua huondoa mpangilio. Mtu anayejua panga hahitaji kamusi.

Hifadhi na tekeleza ni lazima vitenganishwe, na zana nyingi zimeshindwa hapa. Hifadhi ni kulinda, iwe Qurani moyoni au wanyama Serengeti. Ukihifadhi, maandishi yanabaki salama katika daftari. Lakini huduma iliyo hai haijalisoma daftari jipya. Mpaka iambiwe isome, inaendelea na mambo ya jana. Kitendo hicho cha pili wafasiri wengi wamekiita tumia, neno pana mno, maana kila kitu kinatumiwa, hata sabuni. Tekeleza ni neno la maagizo: bunge hupitisha, serikali hutekeleza. Vitufe viwili basi, Hifadhi na Hifadhi utekeleze, na mtu ataelewa kwa nini badiliko lake la jana halikufanya kitu.

Kabla ya kutekeleza zana inapaswa kukagua, na OpenSSH ina namna yake, sshd -t, inayolisoma daftari na kusema palipoharibika. Ujumbe unaotokea mara nyingi hutafsiriwa hitilafu. Hitilafu ni ya mtambo: hitilafu ya umeme, ndege yenye hitilafu. Asili yake ni kukhitilafiana, mambo kutopatana. Mtu akiandika yess badala ya yes, hapana mtambo ulioharibika. Amekosea, na kosa lina mwenyewe na lina mstari: Kosa, mstari wa 34. Hitilafu tuiache kwa siku diski itakapokufa.

Idhini na ruhusa nitapita juu yake haraka. Ruhusa ni hali ya kudumu, nani anasoma na nani anaandika. Idhini ni ya tukio moja. Zana inapoomba nywila ili iandike katika /etc, inaomba idhini. Mzizi wake ni mmoja na adhana, mzizi wa kusikia.

Kuna familia moja ya Linux iliyoyageuza haya yote, nayo ni NixOS. Msingi wake, Nix, ulianzishwa na Eelco Dolstra mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na jina limetoka kwa niks ya Kiholanzi, yaani hakuna kitu: programu inapojengwa haioni chochote ambacho hakikutajwa waziwazi. Badala ya madaftari mengi, mmiliki huandika moja, configuration.nix, akieleza mfumo anaoutaka, na madaftari ya /etc hutengenezwa kutokana nalo. Kila kidahizo kimetangazwa mapema pamoja na aina yake, maelezo, na mara nyingi thamani ya awali, kwa hiyo zana ya madirisha inaweza kuchora fomu yake moja kwa moja kutoka kwenye matangazo hayo. Mfasiri wa Kiswahili akitaka kufanya kazi yenye manufaa, aende kwenye maelezo yale. Ugumu uko katika kuandika kurudi nyuma, kwa kuwa daftari hilo ni programu kamili yenye masharti na hesabu.

Namna hii ya usanidi, ya kueleza hali badala ya kutoa amri baada ya amri, imetafutiwa majina mazito. Sarufi yetu ya shule ya msingi inayo tayari: sentensi ya taarifa na sentensi ya amri. Washa SSH ni amri. SSH inawaka ni taarifa. Basi usanidi wa taarifa na usanidi wa amri, na mwalimu wa Kiswahili ndiye wa kwanza atakayeelewa.

Kila taarifa mpya inapotekelezwa, NixOS huunda mfumo mpya kando ya ule wa zamani, huupa namba, na ule wa zamani unabaki mpaka mwenyewe aufute. Kila mfumo wa namna hiyo wenyewe huuita kwa neno lenye maana ya kizazi. Nimelipima kizazi na sikuridhika. Vizazi huishi pamoja nyumba moja, babu na mjukuu, na hiki cha leo hakikuzaliwa na cha jana; vyote viwili vilijengwa kutoka kwenye maandishi. Toleo ni la programu, litagongana. Rika ni la walio sawa. Neno ni awamu. Awamu, kama zile za serikali ya Tanzania, zina namba na zina mfuatano, na inayoshika madaraka kwa wakati mmoja ni moja tu, nyingine zikibaki katika kumbukumbu zikijulikana kwa namba zake. Mtanzania anayesema Awamu ya Tatu hahitaji kuongeza maelezo.

Awamu za serikali hazirudi, za NixOS zinarudi, na kitenzi cha kurudi lazima kisemwe kwa makini. Lebo isiwe Rejesha Awamu ya 41. Kurejesha ni kukitoa kitu mahali na kukileta, nayo awamu ile haikuondoka. Imo diskini ilipokuwa, nzima. Mwenye mashine ndiye anayeiendea: Rejea Awamu ya 41.